Johnson wa Liuli: Msomi wa Oxford aliyezeekea vijijini Ziwa Nyasa

Ukishuka kutoka milima ya Mbinga kwenda ziwani unafika Mbamba Bay, na ukiendelea kaskazini unaikuta Liuli. Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya jiwe kubwa lililosimama majini. Hapo ndipo alipozikwa William Percival Johnson, mmisionari ambaye pwani hiyo haijamsahau hadi leo.

Johnson alizaliwa Uingereza mwaka 1854 na kusoma Chuo Kikuu cha Oxford. Kijana mwenye elimu ya namna ile, enzi zile, njia yake ilikuwa nyeupe: kazi ya serikali, mshahara mnono na nyumba ya maana. Yeye mwaka 1876 akaja Zanzibar kujiunga na misheni ya UMCA chini ya Askofu Edward Steere. Alikuwa na rafiki yake waliyesoma chuo kimoja, Chauncy Maples.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 alishafika Ziwa Nyasa. Aliona haraka kwamba bila meli kazi haiendi, kwa sababu vijiji vimepangana ufukweni na biashara ya watumwa ilikuwa bado inavuka ziwa. Akahangaika kutafuta fedha mpaka meli ya Charles Janson ikapatikana. Ilisafirishwa vipande vipande na kuingia majini mwaka 1885.

Bei aliyoilipa haikuwa ndogo. Macho yaliugua, jicho moja likapotea kabisa, na lililobaki likawa dhaifu maisha yake yote. Mtu mwingine angesema basi, imetosha, narudi kwetu. Johnson alipopata nafuu alirudi ziwani.

Mwaka 1895 Maples alifanywa askofu. Akiwa njiani kurudi Likoma, boti ilipinduka kwa dhoruba, akafa maji. Kwa hesabu za kawaida, hapo zamu ilikuwa ya Johnson, maana hakuna mmisionari aliyelijua ziwa kumzidi.

Haikuwa hivyo. Mwaka 1896 alipewa cheo cha arkidikoni, yaani msaidizi wa askofu. Kiti cha juu kikakaliwa na Hine, kisha Trower, kisha Fisher. Wote watatu walikuwa wadogo kwake kwa umri, na wote walimkuta ziwani. Johnson alifanya kazi chini ya kila mmoja wao, kwa zaidi ya miaka 30.

Hapo ndipo wengi hushindwa. Mtu akishafanikiwa kidogo hudai heshima, na akikosa cheo hususa. Johnson alibaki na kazi yake ileile: meli inamshusha, anatembea kijiji hadi kijiji, analala kwa wenyeji, anakula kinacholiwa, kesho safari tena.

Wakati huohuo sifa zilikuwa zinakuja. Kwa jicho moja bovu alitafsiri Biblia nzima kwa Kinyanja cha Likoma, ikachapwa mwaka 1912. Jina lake likaanza kuandikwa na cheo cha Daktari wa Theolojia. Mwaka 1922 kikatoka kitabu chake kuhusu ziwa na watu wake. Mzee akiwa na sifa hizo angeweza kwenda Uingereza akapumzike, aalikwe huku na kule, asimulie ya Afrika akiwa kwenye kiti cha starehe. Hakufanya hivyo.

Jambo jingine ni kwamba kazi hakuifanya iwe yake peke yake. Walimu na mapadri Waafrika walikuwa wenzake. Mmoja wao, Augustine Ambali, alikuwa mtumwa aliyekombolewa na kusomeshwa Zanzibar. Alikuja ziwani katika miaka ile ya mwanzo, na baadaye akawa padri. Ndiyo maana kazi haikufa siku Johnson alipofumba macho.

Alifariki Liuli, Oktoba 1928, akiwa na miaka 74 na hajastaafu.

Kule Likoma, misheni ilikuwa imejenga kanisa kuu kubwa la mawe, miongoni mwa makubwa kabisa katika Afrika ya wakati huo. Johnson hakulazwa huko. Yuko Liuli, ufukweni, katikati ya vijiji alivyokuwa akivipitia kwa miguu.