Saul Krugman

Saul Krugman (7 Aprili 1911 – 26 Oktoba 1995) alikuwa daktari wa watoto na mtafiti kutoka nchi ya Marekani. Anajulikana hasa kwa kuonyesha kwamba kuna aina mbili za homa ya ini zinazoambukizwa kwa njia tofauti, ambazo leo huitwa hepatitisi A na hepatitisi B. Anakumbukwa pia kwa sababu aliwaambukiza watoto wenye ulemavu wa akili kwa makusudi.

Maisha

Alizaliwa Bronx, mjini New York. Alihitimu masomo ya udaktari huko Virginia mwaka 1939. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa daktari wa jeshi. Baadaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha New York.

Utafiti

Kuanzia miaka ya 1950 alifanya utafiti Willowbrook, kituo cha serikali kwenye kisiwa cha Staten. Kituo kilijaa watoto kupita kiasi, na wengi wao waliugua homa ya ini. Krugman na wenzake waliwapa baadhi ya watoto wapya virusi vya ugonjwa huo.

Mwaka 1967 walieleza aina mbili. Ya kwanza hujitokeza mapema na huenezwa kupitia kinyesi. Ya pili huchelewa kujitokeza. Ilidhaniwa huenezwa kwa damu na sindano tu, lakini ilionekana kwamba huweza pia kupita kati ya watu wanaoishi pamoja kwa karibu. Leo inajulikana kwamba hepatitisi B huambukizwa kupitia damu, ngono na kutoka mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, si kwa kupeana mikono.

Krugman aligundua pia kwamba seramu yenye virusi ikichemshwa haiambukizi tena, ila inaweza kukinga. Ugunduzi huo ulisaidia kufungua njia ya chanjo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981.

Lawama

Mwaka 1966 daktari Henry Beecher aliutaja utafiti huo kati ya tafiti zilizokiuka maadili. Wazazi walitia sahihi ya kukubali, lakini nafasi kituoni zilipokwisha, wengine hawakuwa na njia nyingine ya kupata nafasi. Krugman alijitetea kwamba watoto wangeambukizwa kituoni hata hivyo, na kwamba katika wodi yake walitunzwa vizuri zaidi.

Mwaka 1983 alipewa Tuzo ya Lasker. Willowbrook ilifungwa mwaka 1987. Hadi leo utafiti wake hutumika kufundishia maadili ya tiba.