Henry de Bracton: Hakimu Aliyeitunzia Sheria Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa wafanyabiashara. Hata hivyo, inamfaa pia hakimu mmoja wa Uingereza aliyefariki zaidi ya miaka mia saba iliyopita. Mali aliyohofia kupotea haikuwa fedha, bali hukumu za haki. Hakimu huyo ni Henry de Bracton.

Bracton alizaliwa yapata mwaka wa 1210 katika jimbo la Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Alikuwa angali mtoto Mfalme John alipolazimishwa na makabaila wake kuikubali Magna Carta mnamo 1215. Elimu yake ya sheria aliipata kwa uanagenzi: alikuwa karani wa hakimu William Raleigh, ambaye naye alikuwa amemtumikia hakimu Martin Pattishall. Kufikia 1245 alikuwa hakimu wa mzunguko, akisafiri wilayani kusikiliza kesi. Baadaye aliketi katika mahakama iliyoandamana na Mfalme Henry III mwenyewe. Aliondoka huko 1257, mwaka mmoja kabla ya makabaila kumlazimisha mfalme huyo kukubali mageuzi mjini Oxford. Kama mahakimu wengi wa enzi hiyo, alikuwa pia kasisi. Mnamo 1264 aliteuliwa kuwa shemasi mkuu wa Barnstaple, kisha msimamizi mkuu katika Kanisa Kuu la Exeter. Alifariki 1268 na kuzikwa katika kanisa hilo.

Jina lake limedumu kwa sababu ya kitabu kimoja kikubwa cha Kilatini kuhusu sheria na desturi za Uingereza. Wakati huo, wasomi wa Ulaya walizienzi sheria za Kirumi, ambazo zilikuwa zimeandikwa na kupangwa. Sheria za Waingereza, kwa upande mwingine, zilikuwa zaidi desturi zilizoishi katika kumbukumbu za watu na katika vinywa vya mahakimu. Kitabu hiki kinashikilia kwamba desturi hizo, japo hazijaandikwa, zastahiki kuitwa sheria. Aidha, kinalalamikia mahakimu wasio na elimu, waliopanda kitini kabla ya kujifunza na kuamua kesi kwa matakwa yao. Dawa iliyopendekezwa ni kurejelea hukumu za mahakimu waadilifu waliotangulia. Ndiposa kitabu kikasheheni takribani kesi 500 zilizotolewa katika kumbukumbu za mahakama, hususan za Pattishall na Raleigh. Mnamo 1258 Bracton aliamriwa kuzirudisha kumbukumbu hizo katika hazina ya mfalme, na kitabu hakikukamilika.

Funzo lake mashuhuri zaidi linahusu mamlaka. Mfalme, kwa mujibu wa kitabu hiki, hayuko chini ya mwanadamu yeyote, lakini yuko chini ya Mungu na chini ya sheria, kwa kuwa ni sheria iliyomfanya kuwa mfalme. Mnamo 1607, jaji Edward Coke alilirejelea funzo hilo dhidi ya Mfalme James I, aliyetaka kuamua kesi mwenyewe.

Hata hivyo, tusimpake Bracton mafuta kupita kiasi. Haki anayoizungumzia haikuwafikia wote. Kitabu kinawakubali watwana, watu ambao jioni hawakujua kazi watakayoamriwa asubuhi, kama sehemu ya kawaida ya jamii. Vilevile, kinamweka mwanamke chini ya mwanamume.

Pana suala jingine la kuvutia. Utafiti wa Samuel Thorne, uliochapishwa kati ya 1968 na 1977, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya kitabu iliandikwa katika miaka ya 1220 na 1230, kabla Bracton hajawa hakimu. Yamkini yeye aliupokea mswada kutoka kwa waliomtangulia, akaurekebisha na kuuongezea. Sisi tunaozisoma tenzi za kale kupitia nakala zilizopitia mikono mingi hatuna haja ya kushtuka. Mtunzaji wa mswada ana sifa yake, sawa na mtunzi.

Urithi huu unatugusa Wakenya moja kwa moja. Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, inazielekeza mahakama zetu kufuata, kadiri hali ya nchi inavyoruhusu, sheria ya kawaida ya Kiingereza iliyojengwa juu ya hukumu za mahakimu. Sheria hiyo hiyo inaziruhusu mila za Kiafrika kuongoza kesi za madai tu, na kwa sharti kwamba zisikiuke haki wala maadili. Kwa hivyo, desturi za Waingereza zilifika kwetu zikiwa tayari zimevikwa joho la sheria, ilhali zetu hupimwa kwanza mlangoni. Tofauti mojawapo ni kwamba zao zilipata daftari mapema. Zetu zilianza kukusanywa kwa mapana baadaye sana, kwa mfano katika juzuu za Eugene Cotran za 1968 na 1969 kuhusu ndoa, talaka na urithi, nazo ziliandikwa kwa Kiingereza.

Bracton aliyakuta maneno ya wazee wake katika kumbukumbu zilizokuwa karibu kusahauliwa, naye akayahifadhi. Wazee wetu wangali wanazungumza. Je, ni nani kati yetu atakayeshika kalamu, na kwa lugha ipi?