Tiepolo: Mchoraji wa lulu ya Cleopatra aliyepitwa na fasheni

Hebu jiweke kwenye karamu moja hivi. Mwenyeji wako anavua hereni ya lulu, anaitumbukiza kwenye glasi ya siki, inayeyuka, kisha anakunywa yote. Mali imeishia tumboni! Hekaya ya kale inasema Cleopatra, malkia wa Misri, alifanya hivyo kushinda dau na Mark Antony, jenerali wa Roma. Alikuwa amejigamba kwamba anaweza kumaliza utajiri mzima kwa mlo mmoja.

Aliyeichora hekaya hiyo kwa rangi za mafuta mwaka 1744 ni Giambattista Tiepolo. Alichagua ile sekunde kabla lulu haijaingia glasini. Wewe mtazamaji unabaki umeshika pumzi.

Usidhani jamaa huyu alizaliwa ikulu. Alizaliwa Venice mwaka 1696, na babake, mfanyabiashara wa meli, alifariki akiwa bado mtoto mchanga. Mama akabaki na watoto. Tiepolo alijifunza kazi kwa mchoraji Gregorio Lazzarini, na kufikia 1717 alikuwa kwenye chama cha wachoraji wa mji. Miaka miwili baadaye alimwoa Cecilia Guardi, dada ya wachoraji.

Mkono wake ulikuwa mwepesi, rangi zake angavu, anga zake pana. Kati ya 1750 na 1753 alikuwa Würzburg, Ujerumani, akichora mabara manne, Afrika ikiwemo, kwenye dari kubwa ajabu la kasri la askofu. Wakubwa wa Ulaya walimng'ang'ania.

Kisha mfalme wa Uhispania alimwita. Mwaka 1762, akiwa na miaka 66, akaenda Madrid na wanawe wawili, Domenico na Lorenzo. Lakini fasheni ilikuwa inageuka. Watu walianza kutaka michoro mitulivu, isiyo na mbwembwe. Alifariki huko ghafla mwaka 1770, na muda si muda picha zake za kanisa la Aranjuez zikaondolewa, za mpinzani wake Mengs zikawekwa.

Na ile lulu? Picha ilizunguka: Ujerumani, Urusi, mpaka serikali ya Kisovieti ikaiuza. Tangu miaka ya 1930 iko Melbourne, Australia, na watu bado wanasimama mbele yake.

Kwa hivyo ukiona kazi yako imewekwa kando leo, usiichome. Waliomtoa Tiepolo ukutani hawakuwa na neno la mwisho.