GOTTHOLD EISENSTEIN: MAISHA MAFUPI, KAZI NDEFU

Usione wembamba wa reli, garimoshi hupita. Methali hii inamfaa sana Gotthold Eisenstein. Wengi wakilisikia jina hili hudhani ni yule Einstein. La hasha! Huyu alizaliwa mapema zaidi, tarehe 16 Aprili 1823, mjini Berlin, Ujerumani.

Kwao walizaliwa watoto sita. Watano walikufa wangali wadogo kwa homa ya uti wa mgongo. Gotthold naye aliugua, akapona, lakini tangu hapo mwili wake ulikuwa dhaifu.

Mwaka 1842 alikwenda na mamake Uingereza, alikokuwa babake. Mwaka 1843, mjini Dublin, alikutana na Hamilton, bingwa wa hisabati. Bingwa huyo alimpa makala kuhusu kazi ya Abel, kijana wa Norway aliyeuawa na kifua kikuu akiwa na miaka 26. Kumbe naye Gotthold angepita njia iyo hiyo!

Alirudi Berlin akaingia chuo kikuu. Mwaka 1844, akiwa na miaka 21 tu, alichapisha makala zaidi ya 20! Mwaka 1845 Chuo Kikuu cha Breslau kilimtunuku udaktari wa heshima, naye bado mwanafunzi.

Je, alichunguza nini hasa? Sote darasani tunaijua b² − 4ac. Hiyo ndiyo diskriminanti ya mlinganyo wa kipeo cha pili. Mlinganyo wa kipeo cha tatu pia una yake: kwa x³ + px + q = 0, ni −4p³ − 27q². Hebu shika kalamu tujaribu x³ − 3x + 1 = 0. Tunapata 108 − 27 = 81, yaani 9 × 9. Mraba kamili! Basi hapo majawabu matatu yanashikana mikono. Chukua moja, lizidishe kwa lenyewe, toa 2: utapata la pili. 1.5321 inazaa 0.3473, hiyo inazaa −1.8794, nayo inaturudisha kwa 1.5321. Mduara umefungwa.

Majawabu ya milinganyo ya namna hii huunda jamii za nambari, na kila jamii ina diskriminanti yake. Ndogo kabisa ni 49, 81, 169 na 361. Ukiacha 81, hizo ni miraba ya 7, 13 na 19, nambari tasa ambazo ukigawa kwa 3 hubaki 1. Kila moja huandikika kama a² − ab + b²; mfano, 7 = 3² − 3×1 + 1². Umbo hilo linatokana na nambari ambazo leo zina jina la Eisenstein. Alizitumia mwaka 1844 kuthibitisha kanuni kubwa ya vipeo vya tatu.

Lakini sifa hazikumpa shibe wala afya. Katika ghasia za Berlin za 1848 alikamatwa, akalala korokoroni Spandau, akateswa. Aliachiliwa kesho yake, hali yake ikiwa mbaya zaidi. Rafiki yake Humboldt, msafiri maarufu, alimtafutia pesa aende Sicily kupata nafuu. Zilichelewa. Kifua kikuu kilimwua tarehe 11 Oktoba 1852, akiwa na miaka 29. Mzee Humboldt, mwenye miaka 83, alilisindikiza jeneza hadi makaburini.

Wenzangu, sisi tukiumwa kichwa kidogo tu tunafunga vitabu. Eisenstein aliumwa maisha yake yote, wala hakuiweka kalamu chini.