Lancelot Hogben: mtu aliyempa chura wa Afrika kazi ya kupima mimba

Leo, mwanamke wa Bukavu akitaka kujua kama amepata mimba, anapitia kwenye farmasi, ananunua teste, anaichovya ndani ya mkojo, na baada ya dakika chache anasoma mistari. Kazi imeisha. Lakini kwa miaka karibu thelathini, tangu miaka ya 1930 mpaka mwanzo wa miaka ya 1960, katika hospitali nyingi za dunia jibu hilo lilitolewa na chura. Tena chura wa Afrika, ambaye ndugu zake wanaishi mpaka kwenye misitu ya Kivu ya Kusini.

Mtu aliyefungua njia hiyo anaitwa Lancelot Hogben. Wengi wanamkumbuka kama mwandishi wa vitabu vya hesabu. Wengine wanamkumbuka kama mtu mgumu, mwenye kukataa mambo. Vyote viwili ni kweli.

Mtoto wa wahubiri

Hogben alizaliwa tarehe 9 Desemba 1895 huko Portsmouth, mji wa bandari kusini mwa Uingereza. Alizaliwa kabla ya wakati, miezi miwili mapema, na katika siku zile mtoto wa namna hiyo mara nyingi hakuwa anapona. Yeye alipona. Wazazi wake walikuwa watu wa dini sana, na mama yake alitaka mtoto huyu akikua awe mmisionari.

Haikuwa hivyo. Kijana alipenda wanyama na vitabu. Familia haikuwa na pesa, lakini alipata bursi na kuingia Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1913. Mwaka uliofuata vita vya kwanza vya dunia vikaanza. Hogben alikuwa msoshalisti na hakukubali kuua mtu. Alikwenda Ufaransa kusaidia watu walioumizwa na vita, pamoja na Wakristo wa Kanisa la Marafiki, wale wanaojulikana pia hapa Kivu. Serikali ya Uingereza ilipoanza kulazimisha vijana kuingia jeshini mwaka 1916, alikataa, na akatupwa gerezani London. Alitoka mwaka 1917, afya yake ikiwa imeharibika.

Mwaka 1918 alioa Enid Charles, mwanamke msomi wa hesabu na takwimu, ambaye naye alikuwa na msimamo wake juu ya haki za wanawake. Walipata watoto wanne.

Chura anayebadilisha rangi

Baada ya vita Hogben alifundisha London, kisha Edinburgh kule Scotland. Swali lililomshika lilikuwa la kawaida kabisa: kwa nini chura anabadilisha rangi? Ukimweka mahali peusi anakuwa mweusi, ukimweka mahali peupe anapauka. Nani anampa amri?

Hogben aligundua kwamba amri inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, inayoitwa pituitari. Tezi hiyo inamwaga homoni ndani ya damu. Ukiitoa tezi, chura anabaki mweupe. Ukimdunga maji ya tezi, anakuwa mweusi. Binadamu naye ana tezi hiyo, na ndiyo inayoongoza mambo mengi ya mwili: kukua, kuzaa, kunyonyesha. Kwa hiyo swali la rangi ya chura halikuwa mchezo. Mwaka 1923 Hogben, pamoja na Julian Huxley na Francis Crew, walikuwa kati ya watu walioanzisha chama cha wanabiolojia wa majaribio na jarida lake. Walitaka biolojia isiishie kuhesabu mifupa na kukausha majani, bali iulize mwili unafanyaje kazi.

Alipita kidogo Kanada, na mwaka 1927 akafika Cape Town, Afrika Kusini, kuwa profesa wa zoolojia.

Cape Town

Kule alikutana na mnyama aliyebadilisha maisha yake. Jina lake la kisayansi ni Xenopus laevis, maana yake ni mguu wa ajabu. Ni chura wa majini, laini, hana ulimi, na kwenye miguu ya nyuma vidole vitatu vina kucha nyeusi. Anakaa ndani ya mabwawa na mitaro karibu maisha yake yote. Havutii macho, lakini anaishi miaka mingi, hasumbui kumlisha, na havunjiki moyo ndani ya ndoo ya labo.

Hogben na wanafunzi wake walianza kutoa tezi ya pituitari kwa vyura hawa ili kufuata ile habari ya rangi. Wakaona jambo jingine. Chura jike aliyetolewa tezi, mayai yake yalinyauka. Na chura jike mzima akidungwa maji ya tezi ya ng'ombe, baada ya saa chache alianza kutaga. Mwaka 1930 Hogben aliandika jambo hilo katika karatasi fupi.

Ili kuelewa uzito wake, lazima kukumbuka hali ya wakati ule. Mwaka 1927, kule Berlin, waganga Selmar Aschheim na Bernhard Zondek walikuwa wameonyesha kwamba mkojo wa mwanamke mwenye mimba una homoni inayoamsha mayai. Lakini teste yao ilihitaji panya wadogo kadhaa. Walidungwa mkojo, wakangojewa siku kama tano, kisha wakauawa na kupasuliwa ili kutazama mayai yao. Baadaye wengine walitumia sungura, naye pia alikufa. Ilikuwa teste ya polepole na ya gharama.

Chura wa Cape Town alileta jibu tofauti. Unamdunga mkojo chini ya ngozi ya mgongo jioni. Asubuhi, kama mwanamke ana mimba, chini ya chombo kuna mayai yanayoonekana kwa macho. Hakuna kuua, hakuna kupasua. Baada ya wiki chache za kupumzika, chura yule yule anaweza kurudi kazini.

Teste ya nani?

Hapa ndipo ugomvi ulipoanzia. Hogben hakungoja kazi hiyo iishe Cape Town. Siasa ya kubagua watu kwa rangi ya ngozi ilimchukiza, naye hakuwa mtu wa kunyamaza. Mwaka 1930 aliondoka, akaenda London kufundisha biolojia ya jamii, na akabeba vyura wake.

Waliobaki Cape Town waliendelea. Mwaka 1933 Hillel Shapiro na Harry Zwarenstein walitangaza kwamba wamejaribu mkojo wa wanawake wenye mimba juu ya chura, na teste inafanya kazi. Mwaka 1934, London, Charles Bellerby aliyefanya kazi karibu na Hogben alitangaza jambo hilo hilo. Dunia ikaiita teste ya Hogben. Wale wa Cape Town hawakukubali, na mwaka 1946 pande mbili zilikuwa bado zinajibizana ndani ya jarida la waganga wa Uingereza.

Ukitazama vizuri, kila upande una haki yake. Hogben ndiye aliyeonyesha kwamba tezi inamfanya chura atage. Shapiro na Zwarenstein ndio waliotangaza kwanza kwamba mkojo wa mwanamke mwenye mimba unafanya kazi ile ile. Na wale waliokamata vyura kwenye mabwawa ya Afrika Kusini na kuwafunga kwa safari za meli, maelfu kwa maelfu, majina yao mara nyingi hayatajwi.

Mtu wa kukataa

London, Hogben alikuta wasomi wengi wakisema kwamba maskini ni maskini kwa sababu ya damu yao, na kwamba serikali ichague nani azae na nani asizae. Fikra hiyo, eujeniki, ndiyo iliyopelekea Ujerumani ya Hitler kufanya maovu makubwa. Hogben aliipinga kwa hesabu. Alionyesha kwamba tabia za binadamu haziwezi kugawanywa kirahisi hivyo, sehemu hii ya kurithi na sehemu hii ya malezi, kwa sababu vitu hivyo viwili vinafanya kazi pamoja tangu mtoto akiwa tumboni.

Mwaka 1936 alichapisha kitabu cha hesabu kwa watu wa kawaida, Mathematics for the Million, na kikanunuliwa sana. Mwaka huo huo aliingizwa katika Royal Society, chama kikubwa cha wanasayansi wa Uingereza. Nyumba yake akaiita Xenopus.

Mwezi wa nne mwaka 1940 alikuwa Norwei kufundisha, pamoja na binti yake, wakati jeshi la Ujerumani lilipovamia. Njia ya kurudi ilikuwa imefungwa. Walipita Uswidi, wakavuka Urusi na Siberia kwa treni, wakafika Japani, kisha Marekani. Alipata kurudi Uingereza baada ya kuzunguka karibu dunia nzima.

Alifundisha Birmingham mpaka mwaka 1961. Halafu, akiwa mzee wa karibu miaka 70, alikubali kwenda Guyana, koloni la Uingereza lililokuwa linatafuta uhuru, kuwa kiongozi wa kwanza wa chuo kikuu chake kipya kilichofunguliwa mwaka 1963. Masomo yalianza jioni, ndani ya madarasa ya shule ya sekondari, kwa sababu majengo hayakuwapo. Hogben alifariki mwezi wa nane mwaka 1975 huko Wales.

Kutoka teste mpaka seli shina

Mwanzo wa miaka ya 1960 teste za kemikali zilichukua nafasi ya chura. Homoni inayotafutwa haikubadilika: mistari ya teste ya leo inaonyesha homoni ile ile iliyomfanya chura atage. Vyura wakabaki ndani ya labo bila kazi. Ndipo kazi yao kubwa zaidi ikaonekana.

Chura wa Ulaya anataga mara moja kwa mwaka. Huyu wa Afrika unamdunga homoni mwezi wowote na unapata mayai mamia. Kila yai lina upana wa zaidi ya milimita moja, na linakua nje ya mwili wa mama, mbele ya macho yako. Baada ya saa moja na nusu hivi yai linagawanyika mara mbili, kisha nne, kisha nane. Siku ya pili au ya tatu kiluwiluwi anatoka.

Kule Oxford, Michail Fischberg alikuwa na vyura hawa, na mwanafunzi wake John Gurdon aliuliza swali zito: seli ya utumbo imesahau namna ya kujenga mwili mzima, au bado inakumbuka? Alichukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakitia ndani ya yai lililoharibiwa kiini chake. Mwaka 1962 alionyesha kwamba baadhi ya mayai hayo yanaweza kuwa viluwiluwi wazima. Kumbe seli haisahau. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alirudisha seli za ngozi ya panya katika hali ya seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa za aina yoyote ya mwili. Mwaka 2012 wawili hao walipewa pamoja tuzo ya Nobel ya tiba. Utafiti wa leo wa kutengeneza upya moyo, macho au neva unapita kwenye mlango huo.

Ndugu wa Itombwe

Vyura wenye kucha siyo wa Afrika Kusini peke yake. Mwaka 2008 wanasayansi walieleza aina mpya kutoka milima ya Itombwe, wakaiita Xenopus itombwensis. Chura huyo ana kromosomu 72, mara mbili ya wale wa Hogben wenye 36, wakati binadamu ana 46. Namna gani mwili unajengwa vizuri kwa kutumia maagizo mengi yaliyorudiwa hivyo, ni swali ambalo wataalamu wa embriolojia bado wanalishughulikia.

Msitu wa Itombwe uliwekwa kuwa hifadhi mwaka 2006, lakini ukataji wa miti na uchimbaji wa dhahabu vinaendelea kuusumbua. Maji yakiharibika, chura wa majini hana mahali pa kukimbilia.

Hogben hakuanza na mashine kubwa. Alianza na beseni, sindano, chura wa bwawani na swali juu ya rangi. Kituo cha utafiti cha Lwiro kiko Kabare, kwenye njia ya Kavumu, na vyuo vikuu vya Bukavu vinafundisha biolojia kila mwaka. Chura wa Cape Town alibebwa London, na jina lililobaki ni la London. Yule wa Itombwe bado yuko nyumbani, na mwanafunzi wa Bukavu ndiye anayeishi karibu naye kuliko profesa yeyote wa Ulaya.