Augusta Klumpke: Alifungiwa mtihani, leo madaktari wote wanalijua jina lake

Hebu fikiria umesoma kwa bidii, alama unazo, halafu unaambiwa mtihani unaofuata si wako. Kisa? Wewe ni msichana.

Hayo ndiyo yaliyomkuta Augusta Klumpke. Alizaliwa San Francisco, Marekani, mwaka wa 1859. Wazazi wake walipoachana, mama alihamia Ulaya na watoto, na Augusta akasomea udaktari Paris.

Shida ilianza alipotaka kufanya mtihani wa kuwachagua wanafunzi bora wa kufanya kazi katika hospitali za jiji. Wakubwa walikataa, eti hiyo ni kazi ya wanaume. Yeye na mwenzake, Blanche Edwards, hawakunyamaza. Walisumbua ofisi hadi mwaka wa 1885 mkuu wa eneo hilo, Eugène Poubelle, alipotoa amri waruhusiwe. Huyo Poubelle ndiye aliyewalazimisha watu wa Paris kuweka taka kwenye mapipa, na mpaka leo Wafaransa huliita pipa la taka kwa jina lake!

Lakini usidhani Augusta alikuwa ameketi tu akingoja mlango ufunguliwe. Mwaka huo huo alichapisha utafiti kuhusu neva zinazotoka shingoni kwenda mkononi. Mtu akianguka kutoka mtini na kudaka tawi, au mtoto akivutwa mkono wakati wa kuzaliwa, neva za chini huweza kukatika. Kiganja hulegea. Augusta alieleza kwa nini wakati mwingine hata jicho la upande huo huathirika: kope hushuka na mboni husinyaa. Hali hiyo bado inaitwa kupooza kwa Klumpke.

Mwaka wa 1886 alipita ule mtihani, mwanamke wa kwanza kupata nafasi hiyo Paris. Mwaka wa 1888 aliolewa na daktari Jules Dejerine, wakaandika pamoja kitabu kikubwa kuhusu ubongo. Mwaka wa 1914 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha madaktari wa neva cha Paris. Vita vilipozuka, alitibu wanajeshi waliojeruhiwa uti wa mgongo. Alifariki 1927.

Kwa hivyo wewe unayezungushwa na ofisi fulani: dai haki yako, ndiyo, lakini kazi isilale. Mlango ukifunguka, ukukute tayari.