Christiaan Hendrik Persoon: Mlezi wa Elimu ya Kuvu

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Christiaan Hendrik Persoon aliinama aushi yake yote akizichunguza kuvu, ambazo wengi wa enzi zake walizipuuza kama uozo wa ardhi.

Persoon alizaliwa mwaka wa 1761 katika Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, iliyotawaliwa na Waholanzi. Mamaye alifariki angali mchanga. Alipokuwa na umri wa miaka 13 hivi, babaye alimpeleka Ulaya kusoma, na muda si muda baba naye akaiaga dunia. Yatima huyo hakurejea Afrika tena. Alisomea theolojia huko Halle, Ujerumani, kisha udaktari huko Leiden na Göttingen, lakini mapenzi yake yakawa kwa mimea na kuvu.

Mnamo 1801 alichapisha Synopsis Methodica Fungorum, kitabu kilichozipanga kuvu kwa umbo la matunda yake, yaani sehemu zinazobeba spora. Kigezo chake kikuu kilikuwa iwapo tunda limefumba au li wazi. Miongoni mwa kuvu hizo zimo zinazoitwa askomiseti, ambazo hutunga spora, aghalabu nane nane, ndani ya vifuko vidogo mno. Matunda yake ni ya sura nyingi: vikombe vilivyo wazi, vichupa vyenye tundu dogo juu, na hata mafundo yaliyofumba chini ya udongo mithili ya viazi. Persoon ndiye aliyeithibitisha jenasi Morchella, yenye kichwa kama sega la nyuki, na kuiita nyingine Geoglossum, yaani ulimi wa ardhi kwa Kigiriki.

Baadaye alihamia Paris, akaishi mpweke na fukara, bila mke wala kazi ya mshahara. Dhiki ilimlazimu kuikabidhi Uholanzi hazina yake ya sampuli ili apate malipo ya uzeeni. Alifariki mwaka wa 1836.

Mwaka uliofuata, Joseph-Henri Léveillé alionyesha kwa hadubini kuwa uyoga wa kawaida hauna vifuko. Spora zake huota nje ya seli. Umdhaniaye ndiye siye: kuvu zilizofanana kwa umbo hazikuwa za ukoo mmoja. Makundi mengi ya Persoon yalivunjwa, ila majina aliyoyatoa yangali yanatumika, na sampuli zake zimehifadhiwa Leiden hadi leo. Anayekipa kitu jina huwawezesha wajao kukijadili, na hata kumsahihisha.